Feruzi Amekunywa

Kabla ya yote niseme hili: mimi sinywi uraka. Sijawahi kuuonja, na pombe ile ya mabibo ya mkorosho hata harufu yake inanitoa machozi. Wanaosema Zuhura kaacha usonara kwa sababu ya ulevi wasome hadi mwisho. Wataona maneno hayo yalikotoka, kisha waoneane aibu wenyewe kwa wenyewe.

Kustaafu ni kweli nimestaafu. Najua neno lenyewe linawachekesha, maana wastaafu tunaowajua wana mvi na pensheni, na mimi sina hata kimoja. Lakini nimeikalia stuli ya Fundi Bakari tangu nilipotoka shuleni na divisheni ziro yangu iliyonyooka kama rula, na sasa nimeiacha, sirudi. Nakwenda Msimbati kuuza supu ya pweza. Mtu akiacha kazi moja kwa moja, akaagwa kwa soda na keki ndogo, huyo kastaafu. Ninyi wawili mnaochukua nafasi yangu mliniomba niwaandikie niliyojifunza. Haya, kaeni. Polepole tu, stuli moja mguu wake mfupi.

Siku ya kwanza nilikuja na gauni la Idi, nikidhani nitashikishwa dhahabu. Fundi Bakari ni Mmakua mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi wa nailoni, na wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji yeye akiwa mgongoni. Alinitazama toka kichwani hadi miguuni, akamwambia mama yangu aliyenileta, "Hii itakaa pale, karibu na feni."

Nilidhani anausema mkoba wangu. Kumbe hii ilikuwa mimi.

Halafu akafungua kikopo cha mawe, akatoa moja kwa ncha za vidole kama anayemtoa kifaranga, akasema kwa upole, "Huyu kachoka. Mwache alale."

Hizo ndizo ngeli za karakana yetu. Nyundo ni hii, pete ni hii, feni ni hii, Zuhura ni hii. Mawe peke yake ndiyo huyu. Mwalimu wangu wa Kiswahili angesikia angeomba likizo. Nilipomuuliza Fundi kwa nini, alijibu bila kuinua kichwa, "Anayebadilika ana uhai. Wewe tangu asubuhi umebadilika nini?" Nilikuwa nimechafuka tu.

Mambo ya vifaa niyaseme haraka. Tupa inakula ikienda mbele. Ukiivuta kwa nguvu kurudi nyuma unaiua meno na unaambulia kelele. Bomba la kupulizia moto lina siri yake: unavuta hewa kwa pua huku mashavu yamejaa, moto usikatike. Nilipokuwa najifunza nilifanana na chura wa masika, na Fundi aliita majirani waje kuona. Mswaki wa kusafishia uwe laini, na usichanganye na wa kwako. Msiniulize.

Sasa feruzi.

Feruzi ni jiwe la buluu inayoelekea kijani, au tuseme kijani kinachotamani kuwa buluu. Mkitaka kuiona bure nendeni Msimbati jua likiwa utosini, mtazame maji pale mchanga unapoishia na kina kinapoanza. Shughuli ni kuitaja. Bibi yangu anasema ni kijani na hataki mjadala. Wauza kanga wanasema buluu bahari. Kwenye duka la rangi za nyumba kopo limeandikwa Kiingereza, muuzaji analisoma "takoizi", na kwa kuwa neno limeanzia mahali pabaya, kina mama wa heshima huagiza kwa kunyoosha kidole. Mimi juzi nilikwenda kununua rangi ya mgahawa wangu, nikasema kwa sauti mbele ya watu, "Nipe takoizi, makopo mawili." Sheikh mmoja aliyekuwa ananunua misumari aliiangusha yote.

Kikazi, jiwe hili lina vitundu visivyoonekana, kwa hiyo linakunywa. Linakunywa jasho, linakunywa marashi, linakunywa mafuta. Mwambieni mteja pete ya feruzi inavaliwa mwisho, baada ya kujipaka kila kitu, na inavuliwa mwanzo. Moto usilikaribie; toeni jiwe kwanza ndipo mchomee fedha. Na za bandia zipo. Kuna jiwe jeupe lililopakwa rangi, hilo pamba yenye dawa ya kufutia kucha inaliumbua. Kuna na plastiki, ambayo ukiigusa kwa sindano ya moto inanuka kama ndoo iliyosahauliwa jikoni. Hiyo sindano ikumbukeni.

Tena feruzi ni jina la mtu. Mtwara hii ukiita "Feruzi!" sokoni, wanageuka wanaume watatu na mmoja anakimbia. Lakini ni nani kati yao aliyewahi kuliona jiwe?

Mmoja wao hakuwa ameliona. Alikuwa kijana anayechomelea mageti kule Mtawanya, alikuja na miwani ya kuchomelea kaipandisha utosini. Akasema anataka pete ya mke wake, yenye jiwe la maana.

"Feruzi huyu hapa," Fundi akamwambia.

Kijana akatazama nyuma yake. "Nani kakwambia jina langu?"

"Unaitwa nani?"

"Si Feruzi!"

"Basi Feruzi, huyu ni Feruzi. Salimianeni."

Akaliinamia jiwe muda mrefu. "Kumbe mimi ni jiwe," akasema. "Na mama siku zote hajaniambia."

"Ni zuri, kaka," nikamwambia.

"Kuliko mimi?"

"Tusifike huko."

Akaichukua. Alisema mke wake Somoe akitazama kidole atakuwa anamwona yeye, hata yeye akiwa kazini. Mimi nilijifanya naokota kitu chini ya meza, maana maneno kama hayo yananitoa machozi, na Fundi hapendi maji karibu na mizani.

Msimu wa korosho ulipokolea, Somoe akaja mwenyewe. Alikuwa mbanguaji, anafanya kazi na wenzake uani kwao Mtawanya. Akaweka pete mezani. Feruzi imekuwa kijani, kijani kabisa, kama mlenda uliolala.

"Dada, imebadilika," akasema. "Shangazi yangu kaniambia jiwe hili likibadilika ujue moyo wa mume umehama."

Shangazi mwenyewe ni Bi Esha wa Nanyamba, aliyemlea Somoe tangu mdogo. Yeye ana yake, buluu tangu siku ya ndoa hadi alipomzika mumewe, na hadithi yake Nanyamba nzima inaijua. Na Ijumaa ile Bi Esha alikuwa anakuja Mtawanya kumtembelea.

"Akiiona hivi ananibeba narudi naye," Somoe akasema. "Feruzi hajamtaka tangu mwanzo. Anasema mwanamume anayecheza na moto atanichezea na mimi."

"Wewe mwenyewe je?"

"Mimi nampenda, dada. Lakini siku hizi anachelewa. Nikimuuliza, geti. Kesho, geti. Geti gani hilo lisiloisha, la peponi?" Akaanza kulia. Na mimi nikaanza.

"Na hii nayo inalia," Fundi akasema. "Mama, niachie Feruzi. Nitamwangalia, nitakupigia simu."

Sasa simu. Fundi ana kitochi, na anaamini mtu akiwa mbali lazima apigiwe kelele. Kesho yake mchana alisimama mlangoni, nikamsikia kwa masikio yangu, neno kwa neno:

"Mama! Nimemwangalia Feruzi! Amekunywa! Amekunywa sana mafuta ya korosho! Amebadilika, harudi tena alivyokuwa! Ukitaka tumtoe, nikuwekee mwingine! Ninaye hapa, mchanga, buluu mzuri! Haloo? Haloo?" Akaitazama simu. "Imekata."

Akarudi kukaa, ameridhika kabisa.

Upande wa pili mambo yalikuwa hivi, Somoe alinisimulia baadaye. Ganda la korosho lina mafuta meusi yanayounguza, na mikono yake ilikuwa nayo hadi kwenye kiwiko. Hakuweza kuishika simu. Akamwambia jirani abonyeze spika kwa kidevu. Ua zima likanyamaza kusikiliza. Na mtandao wetu mnaujua, ukameza neno moja tu, "mafuta". Wakasikia: Feruzi amekunywa sana... ya korosho. Kwetu, msimu wa mabibo, mtu aliyekunywa ya korosho amekunywa uraka. Hakuna tafsiri nyingine. Kisha wakasikia sauti ya mzee inamwambia mke wa mtu amtoe mumewe awekewe mwingine, mchanga.

"Huyo ni mganga," mmoja akasema.

"Mganga wapi! Mposaji huyo. Hukusikia kijana anaye hapohapo?"

Somoe hakucheka. Jiwe limebadilika, shangazi alisema, mume anachelewa, na sasa mtu mzima kapiga simu kusema mume ni mlevi, harudi tena alivyokuwa. Alinawa mikono, akatoa godoro nje, akafunga mlango, akaenda Nanyamba bila kumsubiri shangazi aje kumchukua.

Jioni Feruzi akaingia karakanani na godoro begani.

"Nani kasema nimelewa?"

"Nani kalewa?" Fundi akauliza.

"Mimi! Ua zima linasema sonara kapiga simu! Mimi sijawahi kunywa hata togwa iliyolala! Mke wangu kaenda kwao, shangazi yake anataka talaka, na mimi natembea mjini na godoro kama jini!"

Fundi akavua miwani. "Mimi nilimsema Feruzi."

"Ndiyo mimi!"

"Siyo wewe. Huyu." Akaonyesha pete.

Feruzi akaitazama pete, akamtazama Fundi, godoro likateleza likaangukia feni. Ndiyo sababu feni ile inalia mpaka leo.

Nikamuuliza swali lililokuwa linanikaba. "Kaka, na geti?"

"Geti gani?"

"Linalokuchelewesha kila siku."

Akainamisha kichwa. Mtu mkubwa, mikono imejaa makovu ya cheche, akawa kama mtoto kaulizwa nani kala sukari. "Siyo geti. Kitanda. Namtengenezea kitanda cha chuma, kina maua kichwani. Nikimaliza kazi za watu ndiyo nafanya cha kwangu. Nilitaka akione kikiwa tayari."

Asubuhi Fundi alifunga karakana, jambo ambalo hafanyi hata akiwa na homa. Tukaenda Nanyamba kwa guta, pikipiki ya mizigo, la rafiki yake Feruzi, sisi watatu nyuma, na katikati yetu kichwa cha kitanda kama ushahidi. Maua yake yalinichoma mbavu njia nzima. Tulifika tumekuwa wekundu kwa vumbi, hata Bi Esha alidhani tunauza vyungu.

Alitukaribisha kwa sababu ni mtu wa adabu, lakini adabu yenyewe ilikuwa na baridi. Somoe alikuwa ndani, nyuma ya pazia.

"Shikamoo Bi Esha," Fundi akaanza. Sura yao ni ya umri mmoja lakini aliamua kujishusha. "Mimi Bakari, sonara. Hii imenisindikiza. Nimekuja kusema ukweli. Feruzi hajanywa. Aliyekunywa ni Feruzi."

Bi Esha akamtazama. "Mmekunywa wote?"

"Sikiliza. Feruzi hanywi. Ila Feruzi, akikaa kwenye mafuta, lazima anywe. Ndiyo maumbile yake."

"Hanywi au anakunywa?"

"Wote wawili."

Nikaona ndoa inazama mbele ya macho yangu kwa sababu ya ngeli. Mimi mwenye ziro yangu nikainua mkono kama darasani. "Shangazi, naomba. Feruzi huyu, mtu, hajanywa. Feruzi ile, ya pete, imekunywa mafuta ya korosho ya mikononi mwa Somoe. Mtu ni a, pete ni i. Tatizo Fundi jiwe analiita huyu."

"Na wewe anakuita nani?"

"Hii."

Nyuma ya pazia mtu akacheka, akajizuia, akacheka tena. Feruzi aliposikia kicheko kile aliyashika maua ya kitanda kwa mikono miwili.

Lakini Bi Esha hakuwa mtu wa kumalizwa kwa kicheko. Akavua pete yake, akaiweka kwenye kiganja cha Fundi. "Basi niambie hii. Nimepika nayo, nimefua nayo, nimebangua korosho nayo kabla huyo Feruzi hajazaliwa. Mbona haijanywa? Si kwa sababu mwenyewe alikuwa na moyo mmoja?"

Fundi akaitazama, akanipa na mimi. Ilikuwa nyepesi. Buluu yake haikuwa na mshipa hata mmoja, na ubavuni palikuwa na mstari mwembamba, pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana. Plastiki.

"Ipime," Bi Esha akasema, kidevu juu. "Si fundi wewe? Ipime mbele yao."

Fundi hutembea na sindano kwenye ukosi wa shati, na kibiriti mfukoni. Aliichomoa sindano. Feruzi hakujua kitu, lakini nadhani alinisoma usoni, macho yakaanza kumng'aa. Moto kidogo tu, harufu moja ya ndoo, na maneno yote ya shangazi yameisha, Somoe anarudi nyumbani. Fundi akamtazama mama yule na kidevu chake. Akairudisha sindano kwenye ukosi.

"Kibiriti kimelowa," akasema.

Nanyamba siku ile vumbi lilikuwa linaomba maji.

Akampa pete yake, akatoa ile ya Somoe. Kwa kisu kidogo akaufungua ukingo wa fedha taratibu, akalitoa jiwe na kuligeuza kwenye kiganja. Chini, pale lilipokuwa limelala ndani ya fedha na mafuta hayakupata njia, lilikuwa buluu. Buluu ileile Feruzi aliyoiinamia siku ile ya kwanza.

"Somoe," Fundi akaita. "Njoo umwone."

Pazia likafunguka. Akaja, vidole bado vina weusi wa maganda, akainama juu ya kiganja cha Fundi.

"Yupo," akasema polepole.

Hakusema ipo. Alisema yupo. Fundi hakumsahihisha mtu.

"Nimgeuze?" akamuuliza. "Buluu ikae juu, kijani kijifiche?"

Somoe alikuwa ameshaona kichwa cha kitanda. "Kile cha nani?"

"Chako," Feruzi akasema. "Bado miguu."

"Ndilo geti?"

"Ndilo."

Akapitisha kidole kwenye maua ya chuma, moja moja, alipofika kwenye lililopinda akalipiga kofi dogo. Kisha akamgeukia Fundi. "Mwache alivyo. Kijani hiki ni kazi ya mikono yangu. Buluu nitajua mwenyewe iko wapi." Halafu kwa Feruzi, "Na godoro langu uliliweka wapi?"

"Kwa sonara."

"Mungu wangu, limenunuliwa?"

Tukacheka wote, hata Bi Esha, ingawa yeye alicheka kwa pua. Somoe akaingia ndani kufunga mzigo.

Tulipokuwa tunapakia, Bi Esha alitusogelea mimi na Fundi nyuma ya guta. "Kibiriti chako kimelowa, eh?"

Fundi akajishughulisha na kamba.

"Ni plastiki," Bi Esha akasema mwenyewe. "Nilijua siku aliyonivisha, ilikuwa nyepesi kama ganda la karanga. Wenzangu walikuwa na za kweli, wanaringa, kisha zikaanza kubadilika zao zote. Yangu haibadiliki. Sasa ungekuwa wewe ungesemaje?"

"Ningesema hivyohivyo, shangazi," nikamwambia. "Tena ningeongeza."

"Nilijisemea kwa ajili yangu. Sikujua mtoto atayabeba." Akaizungusha pete kidoleni. "Lakini mume wangu alikuwa mwema. Hilo sikulitunga."

"Naliona," Fundi akasema, na aliitazama pete aliposema.

Kitanda kilipata miguu. Somoe pete anayo, ya kijani, na Mtawanya nzima sasa wanamwita mumewe Kijani. Ninyi mkipiga simu kwa mteja, semeni "jiwe". Hilo ndilo funzo la kazi, kama mlikuwa mnalisubiri.

Siku yangu ya mwisho tulikunywa soda pale karakanani. Fundi si mtu wa hotuba. Alinichukua mkono, akaviangalia vidole vyangu chini ya taa kama anavyoangalia kitu alicholetewa: weusi wa kung'arishia ulioingia kwenye kucha na hautoki, alama ya moto, ngozi ngumu ya tupa. Akafuta miwani.

"Amekunywa huyu," akasema. "Amekunywa sana. Amebadilika. Harudi tena alivyokuwa."

Miaka yote mimi ni hii. Machozi yakanitoka, nikataka kukaa, nikakaa kwenye stuli ile yenye mguu mfupi, nikaenda chini na soda yangu. Na mlangoni walikuwa wamesimama wateja wawili wa Mtawanya na hereni zao mkononi, wananitazama chini pale, macho mekundu, nimelowa, nacheka peke yangu, na bosi wangu juu yangu anarudia kwamba nimekunywa.

Waacheni waseme. Mimi nilisikia huyu.